Mabenchi ya Mninga

Mchoro ulifika karakana ya Esteri Niyomwungere ukiwa umekunjwa mara nne, na doa la chai kwenye kona. Aliufungua juu ya meza ya kupigia randa, akaukandamiza kwa patasi na kopo la gundi, akausoma. Mabenchi ishirini na manne kwa ajili ya bustani mpya ya mto Nyarugozi. Urefu, upana, kimo na mwegemeo vyote viliandikwa. Miguu: chuma au mbao ngumu. Tangu afungue karakana pale Mwilamvya hakuwahi kupata kazi kubwa kama hii, kazi ambayo mji mzima wa Kasulu ungeikalia.

Kisha akaona mistari miwili myeusi iliyoligawa kila benchi vipande vitatu. Pembeni iliandikwa: vyuma vya kati, kimo sentimita thelathini.

"Hivi ni vya nini?" aliuliza.

Saady alikuwa bado amesimama mlangoni, kofia ya plastiki ya manjano kichwani. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kampuni iliyopewa kazi ya kuifufua bustani.

"Vya kugawa nafasi. Kila mtu akae kwenye eneo lake."

"Na mtu akitaka kujinyoosha?"

"Ndiyo maana yake, mama. Wasilale. Tunajenga bustani, hatujengi wodi."

Kwa miaka mingi mahali pale hapakuitwa bustani. Ulikuwa ukingo wa mto tu, wenye mikaratusi na mawe, chini kidogo ya hospitali. Muda wa kuona wagonjwa ukiisha, wauguzaji, ndugu waliokuja kuwahudumia wagonjwa wao, waliteremka pale. Walitoka Kitanga, walitoka Heru Juu, walitoka vijiji ambavyo gari hupita mara moja kwa siku. Walikoroga uji kwenye mafiga, wakajilaza chini mpaka saa ya kuruhusiwa tena kuingia. Esteri mwenyewe alikaa pale siku kumi na tisa, mwaka mama yake alipolazwa. Alikuwa na mimba ya miezi minane ya binti yake, Ndayikunda. Mgongo ulimuuma hadi akayajua mawe ya ukingo ule moja moja, lipi linachoma kiunoni, lipi linachoma begani. Siku ya ishirini mama yake alifariki, akapanda na mwili kwenye gari akiwa bado na alama za kokoto mkononi.

Hakumweleza Saady habari hizo. Alisema tu, "Nataka nilione benchi la namna hii kabla sijakata mbao."

"Kampuni iliyaweka Kibondo mwaka jana. Nenda kaangalie, pima, urudi uanze kazi. Ufunguzi umekaribia."

Esteri alifika Kibondo kabla ya saa sita. Bustani ilikuwa ndogo na nadhifu, matofali yamepangwa vizuri, maua yamemwagiliwa. Alitoa futi yake mfukoni akapiga magoti mbele ya benchi la kwanza. Vyuma vilichomelewa imara. Mchomeleaji alikuwa anaijua kazi yake, hilo alilikubali.

Ndipo akasikia mtu akiguna. Nyuma ya benchi, juu ya majani yenye unyevu, mwanamume alikuwa amelala chali, mguu mmoja umefungwa hogo jipya jeupe la plasta kutoka kwenye unyayo mpaka pajani. Mkewe alikuwa ameketi chini kando yake, amekipakata kichwa cha mumewe.

"Mwakeye," Esteri alisalimia.

"Mwakeye, dada."

"Mbona mmekaa kwenye maji na benchi lipo?"

"Limekataza," alisema yule mama. Walikuwa wametoka Nyabibuye, wakisubiri gari la kuwarudisha.

"Nani amekataza? Mlinzi?"

"Oya, hapana, mlinzi hajasema neno. Benchi lenyewe limekataza. Hebu angalia."

"Nilijaribu," alisema mumewe pale chini, akijitahidi kucheka. "Mguu haukunjiki, na chuma hakikunjiki. Nikaona mimi ndiye mdogo kati yetu, nikawapisha."

Esteri alivua kitenge chake cha juu, wakamwinua yule bwana wakamtandikia. Mguu ulipoguswa alipiga ukelele uliowageuza watu waliokuwa kwenye stendi ya jirani. Mabenchi sita yalikuwa yamewazunguka. Hakuna hata moja lililokuwa na mtu.

Gari la Kasulu lilipofika, Esteri alipanda bila kuandika kipimo chochote.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Mansuri, muuza mbao aliyemkopesha mninga tangu alipokuwa fundi wa kutengeneza vigoda. Mansuri alimsikiliza mpaka mwisho huku akizungusha kofia yake ya kiua mkononi.

"Kama hutaki kazi, iache," alisema. "Mwenye kazi atatafuta mwingine. Hilo ni halali yake, na wewe ni halali yako."

"Nikiiacha, mwingine ataweka vyuma."

"Ndivyo itakavyokuwa."

"Basi siiachi."

"Na vyuma huweki?"

"Siweki."

Mansuri alivaa kofia. "Fundi, wewe unataka kukaa na kusimama kwa wakati mmoja."

"Nataka watu walale, mzee Mansuri. Mchana, kwenye bustani yao wenyewe. Ni jambo dogo kiasi hicho."

"Na Saady utamwambia?"

"Leo hii hii. Sitamfanyia mtu kazi ya kujificha."

Alimkuta Saady kwenye kibanda cha mabati kando ya mto, kelele za mashine ya kushindilia udongo zikitikisa meza. Alimrudishia mchoro. Juu ya ile mistari myeusi alikuwa amepiga alama mbili za kukata, kwa penseli ya useremala.

"Mabenchi nitatengeneza yote ishirini na manne," alisema. "Urefu wenu, upana wenu, kimo chenu. Vyuma siweki."

Saady alizitazama zile alama za penseli kana kwamba mtoto amechora ukutani. "Fundi anafuata mchoro."

"Nimefuata kila kitu ambacho ni cha kukalia. Hivi si vya kukalia."

"Mama, mimi naweza kumpa kazi mtu mwingine saa hii."

"Mpe. Mninga mkavu Kasulu hii ninao mimi na Mansuri. Mwingine atakuletea mbao mbichi, zitapinda kabla ya utepe kukatwa."

Saady alijua ni kweli. Alivuta pumzi, akageuza maneno. "Ninyi watu mlipokelewa hapa vizuri. Si vizuri kuanza kuwapangia wenyeji."

Mashine ya nje ilikuwa imenyamaza, na neno hilo lilisikika mpaka kwa vibarua. Esteri alijibu taratibu, ili kila mtu asikie.

"Aliyepokelewa ni baba yangu, alipovuka mpaka mwaka sabini na mbili, na msumeno begani. Milango ya nusu ya mji huu aliitengeneza yeye. Mimi nimezaliwa Kitanga. Sina pa kupokelewa, bwana Saady. Hapa ni kwangu, na mto ule ni wangu kama ulivyo wako. Pengine kuliko wako, maana wewe umekuja na mkataba, na ukiisha utaondoka."

Kibarua mmoja alikohoa ili asicheke.

"Lete mabenchi," Saady alisema hatimaye. "Yalete matupu. Vyuma nitamleta mchomeleaji aviweke mwenyewe. Hata siku mbili hazitaisha."

Esteri alirudi karakana akitembea haraka. Njia nzima alikuwa akifikiria mstari mmoja wa ule mchoro: miguu, chuma au mbao ngumu.

Alichagua mbao ngumu. Kwa wiki mbili na siku nne yeye na mafundi wake wawili walichonga mninga mtupu. Kila kiungo kilishikana kwa ulimi na tundu, kwa kigingi cha mbao na gundi. Hapakuwa na bomba chini, hapakuwa na fremu, hapakuwa na msumari. Aliikaza mibao ya kukalia ikabanana, asiache mwanya. Vidole vilimvimba. Ndayikunda, ambaye sasa alikuwa darasa la sita, alimletea chakula na kumkuta amelala juu ya benchi ambalo halijapakwa vanishi, akijipima.

"Mama, unafanya nini?"

"Naangalia kama linafaa."

"Linafaa?"

"Kichwani pameinuka kidogo. Nitapapiga randa tena."

Mabenchi yalifika bustanini siku ya Jumatatu, na kufikia saa nne yote yalikuwa yamesimikwa kwenye misingi yake ya zege, kumi na sita kando ya mto, manane pale langoni. Wauguzaji walikuwa wakiyatazama kwa mbali, nyuma ya kamba nyekundu ya ujenzi. Saa tano Saady alifika na Kipriani mchomeleaji, jenereta kwenye toroli, na vyuma arobaini na nane vilivyokwisha pakwa rangi ya kijani.

Kipriani aliinama chini ya benchi la kwanza. Akainama chini ya la pili. Akalizunguka la tatu, akaligonga kwa kidole.

"Bosi," alisema, "nichomelee wapi?"

"Kwenye fremu."

"Fremu haipo. Huu ni mti. Mti hauchomelewi, unaungua."

Saady alipiga magoti na suruali yake safi, akachungulia. Aliposimama alikuwa akimtafuta Esteri kwa macho. Esteri alikuwa palepale, mikono kiunoni.

"Miguu, chuma au mbao ngumu," alisema. "Nimefuata mchoro."

"Toboa," Saady alimwamuru Kipriani. "Chukua drili. Toboa mbao, tia bolti, kaza na nati chini. Anza na hili."

Kipriani alikwenda kuwasha jenereta. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyesali kanisa moja na Esteri. Alichomeka drili, akaijaribu hewani, akageuka kulikabili benchi.

Esteri alikuwa amelala juu yake.

Alikuwa amevua kandambili na kuzipanga chini, amejinyoosha kutoka mwisho hadi mwisho, mikono imekunjwa kifuani. Hakuwa amepanga jambo hilo. Alikuwa amepanga maneno, na maneno yalikuwa yamemwishia.

"Dada Esteri," Kipriani alisema kwa sauti ya chini, "niondokee, nina kazi."

"Toboa, Kipriani. Pita hapohapo tumboni, ndipo chuma kinapotakiwa kupita."

Drili ilizunguka hewani, kisha ikazimwa.

"Mama, shuka!" Saady alipaza sauti. "Hii ni mali ya umma!"

"Na umma umelala juu yake," Esteri alijibu, macho yakiwa juu kwenye mikaratusi.

Nyuma ya kamba nyekundu kulikuwa na mama mmoja wa makamo aitwaye Tunu, aliyekuwa akimuuguza dada yake kwa siku ya tisa. Hakumfahamu Esteri. Aliinua kamba, akapita chini yake na sufuria yake ya uji mkononi, akaiweka chini, akalala kwenye benchi la pili. Aliguna kwa raha kiasi kwamba watu walicheka. Wakafuata wengine. Mzee mmoja aliyetoka kung'olewa jino alilala kwenye la nne akiwa bado anatema pamba. Ndani ya robo saa mabenchi yote ishirini na manne yalikuwa na watu, na waliokosa nafasi waliketi kwenye ncha, karibu na miguu ya waliolala.

Kipriani alizima jenereta. "Bosi, mimi si polisi," alisema. Akakunja waya wake.

Walilala zamu siku ile na siku iliyofuata. Mwenye kuitwa wodini aliondoka, na mwingine alichukua nafasi kabla mbao hazijapoa. Mansuri, ambaye alikuwa ameahidi kutoonekana, alifika adhuhuri na mkeka wake, akaswali kando ya mto, kisha akaketi kwenye ncha ya benchi la Esteri bila kumwangalia.

"Sijaja kukuunga mkono," alisema. "Nimekuja kuangalia mninga wangu."

"Uko salama."

"Naona."

Siku ya tatu, ikiwa imebaki siku moja ufunguzi ufike, alikuja Firdausi, afisa maendeleo ya jamii. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mtandio wa bluu na daftari, mtu wa kusikiliza sana na kusema kidogo. Alimwomba kila mtu akae ili azungumze nao, nao wakakaa. Esteri naye aliinuka, kwa heshima.

Saady ndiye aliyetangulia. Alieleza kwamba mabenchi bila vyuma yataleta walevi na wahuni, kwamba wageni watakuja na kukuta watu wamelala kama mizigo, kwamba miji mikubwa yote sasa inafanya hivi.

"Mlevi akilala, mwamsheni mlevi," Esteri alisema. "Msimfunge mgonjwa kwa ajili ya mlevi."

"Subiri, fundi," Firdausi alisema. Akamgeukia Saady. "Nani hapa Kasulu alilalamika kwamba watu wanalala?"

Saady alijibu, "Ni utaratibu wa kampuni. Mchoro ulikuja hivyo."

"Kwa hiyo hakuna."

"Kwa jina, hakuna."

Firdausi aliandika. Kisha akashika kalamu katikati, kama mtu anayepima mizani, akatoa pendekezo. Mabenchi kumi na sita ya upande wa mto yabaki kama yalivyo. Manane ya pale langoni, ambapo wageni watapita, yawekwe vyuma. Kila upande upate kitu.

Kulikuwa na minong'ono ya kuridhika. Tunu alitikisa kichwa kukubali. Hata Mansuri alimgusa Esteri kwenye kiwiko, maana yake: chukua, binti, umeshinda.

Esteri alimfikiria yule bwana wa Nyabibuye aliyejiona mdogo mbele ya chuma. Angeingia kwa lango gani?

"Hata moja," alisema.

"Fundi, nakusaidia," Firdausi alisema.

"Najua, dada Firdausi, na ninakushukuru. Lakini mgonjwa anaingia kwa lango. Akitoka hospitali amechoka, benchi la kwanza analolikuta ni la langoni. Tukimwambia hili limekukataza, pita mbele, tumemwambia bustani si yake kabla hajafika mbali. Na mwakani mtu atasema, mbona haya manane yana vyuma na yale hayana, tuyafananishe. Hata moja. Mkiweka, mtaweka nikiwa nimelala juu yake, na mje na mashahidi."

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha yule mzee wa jino, ambaye shavu lake lilikuwa bado limevimba, alisema kwa taabu, "Hata moja." Tunu akalirudia. Likaanza kusikika huku na huku, bila kelele, kama watu wanavyoitikia sala.

Firdausi alifunga daftari. Alisema ataandika kwamba wananchi wameyapokea mabenchi kama yalivyo, na kwamba atasaini yeye mwenyewe. Alipopita karibu na Esteri alisema kwa sauti ya chini, "Umenipa kazi ngumu ofisini."

"Samahani, dada."

"Sijasema ni mbaya."

Saady alisubiri mpaka watu wapungue. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Awamu ya pili kuna meza arobaini, vibanda, na kingo za daraja," alisema. "Nilikuwa nimekuandika wewe. Hutagusa hata ubao mmoja."

"Sawa."

"Sawa tu?"

"Ulitaka nilie?"

Alilia, ila baadaye, nyumbani, akimenya mihogo, na Ndayikunda alijifanya haoni. Maana neno la Saady lilitimia. Meza zilikuja kwa lori kutoka mbali, za plastiki ngumu ya rangi ya kahawia iliyochorwa ionekane mbao. Msimu ule wa kiangazi ulikuwa mkavu kwa karakana. Fundi mmoja alihamia Kakonko kutafuta kazi. Esteri alitengeneza milango miwili, kabati moja, na majeneza, ambayo hayakosi wateja. Baadhi ya watu walimwambia usoni kwamba kiburi kimemponza. Hakuwabishia. Alijua kimemponza. Aliulizwa mara nyingi kama angerudia, na kila mara alijibu ndiyo kabla swali halijaisha.

Miezi mitatu baada ya ufunguzi, kampuni ilisimika kibao cha bati bustanini, herufi nyekundu: NI MARUFUKU KULALA KWENYE MABENCHI.

Esteri alipata habari Jumamosi. Jumapili, baada ya misa, alipita pale na Ndayikunda, wote wamevaa nguo zao nzuri. Alisimama mbele ya kibao akakisoma chote. Kisha akachagua benchi lililo chini yake kabisa, la langoni. Akafuta vumbi kwa kiganja, akavua viatu, akampa binti yake kitabu cha nyimbo akishike, akalala.

Mlinzi alikuja. Alikuwa mwanamume mtu mzima aitwaye Manirambona, rungu mkononi, buti zimemzidi ukubwa.

"Mama, hujui kusoma?"

"Najua. Nimekisoma mara mbili."

"Nimeajiriwa kuwaamsha watu."

"Basi niamshe. Lakini mimi sijasinzia."

Manirambona aliangalia kibao. Aliangalia mabenchi mengine, ambako wauguzaji walikuwa wameanza kuinua vichwa kuona itakuwaje. Alihamisha rungu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Utaamka saa ngapi?" aliuliza.

"Nikichoka kulala."

Manirambona alimwomba Ndayikunda, aliyekuwa ameketi miguuni pa mama yake, asogee, akaketi kwenye ncha ya benchi, akalaza rungu chini, na kuanza kufungua kamba za buti zake.